Damu Isiyo na Bei

Kabla hamjaamini neno langu lolote, hesabuni tena. Hiyo ndiyo kazi niliyofanya, na ningeweza kuishia hapo mkaenda zenu kunywa chai. Lakini mwalimu wenu wa maabara hapo Kajiado ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza, na mimi ni mjane mstaafu ambaye watoto wake wako mbali. Mtu kama huyo ukimwomba maneno, uje na gunia.

Mimi nililisha saratani. Someni vizuri: sikuitibu, niliilisha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini hadi ule muongo uliofuata ulipofika katikati, nilifanya kazi kwenye jengo la mawe kando ya barabara ya Namanga, ukishaiacha Kitengela nyuma. Lilikuwa ofisi ya shamba la maua kabla shamba halijafilisika. Ndani mlikuwa na inkubeta mbili za kukuzia seli, hadubini moja nzuri na nyingine ya kuonyesha wageni, mtungi wa naitrojeni, Daktari Lemayian, na mimi. Chakula tulichopika ni cha seli za saratani ya tezi dume. Huko mtaani niliitwa Mama Tezi. Kanisani wazee wa kiume waliniamkua haraka na kupita, kana kwamba naweza kuwapima kwa macho.

Seli zenyewe zilitoka kwa wazee wawili wa ng'ambo waliokufa zamani. Wao walizikwa, seli zao hazikuzikwa. Ziliendelea kugawanyika, zikatumwa huku na huku kwenye barafu kavu, hadi zikafika kwetu, upande ambao nyumbu walikuwa bado wakipita nyuma ya jengo wakitoka mbugani. Chupa ya kwanza ilikuwa ya seli ambazo haziishi bila homoni ya kiume. Chupa ya pili ilikuwa ya seli ambazo homoni hiyo hazina haja nayo. Shikeni hizo chupa mbili, nitazirudia.

Kazi ya Daktari ilikuwa kalsiamu. Nyinyi mnaijua ya maziwa na mifupa. Mimi niliijua kama ujumbe. Nje ya seli kalsiamu imejaa tele, ndani iko kiduchu, na kati yao kuna utando wenye milango. Vitabu vyenu vinasema mifereji ya kalsiamu, nami sina ugomvi na vitabu, ila mfereji haufungwi na kufunguliwa kama nilivyoona hii ikifanya. Mlango ukifunguka, kalsiamu inaingia kwa kishindo na seli inapokea habari: gawanyika, au hama, au mara nyingine, kufa. Mjumbe ni yuleyule. Kinachobadilika ni kiasi, mahali na muda. Tulikuwa tunatafuta mlango ambao saratani imeuzoea kuliko mingine, na nani anayeshika kitasa chake.

Tulitia rangi inayong'aa ikikutana na kalsiamu, tukafunika madirisha kwa blanketi nyeusi, tukachungulia. Unadondosha dawa ya kuchokoza, unasubiri. Seli moja inawaka, halafu jirani yake, halafu pale, halafu kule, kama Kitengela umeme ukirudi. Nikiwa peke yangu Jumapili, na seli hazijui Jumapili ni nini, nilikuwa nasema kwa sauti, "Haya, mmeamka?" Mume wangu, Baba Mumo, alikuwa ameshanitangulia mbele za haki, mwanangu Mumo yuko Eldoret. Hakuna mwingine wa kuuliza kama ameamka.

Sasa kuhesabu. Kigae cha kioo cha kuhesabia seli kina mistari kama shamba lililogawanywa ploti. Seli iliyokalia mstari wa juu au wa kushoto ihesabu. Iliyokalia wa chini au wa kulia iache, ni ya jirani. Usipofuata hivyo utahesabu mbuzi mmoja kwenye maboma mawili. Iliyokufa inakunywa rangi ya buluu, hai inaikataa. Hesabu upande mmoja wa kigae, hesabu na wa pili, na zikitofautiana sana usichukue unayoipenda. Mimi sokoni ni mtu wa kubishana bei ya kitunguu mpaka muuzaji anitafutie kiti nikae. Lakini seli hata ubishane nayo namna gani, haishuki.

Na maji. Naona mtaniuliza kosa letu kubwa, basi ni maji.

Kulikuwa na mgao wa umeme, na mtambo wetu wa kuchemsha maji yakawa mvuke na kurudi maji safi ulikuwa ukifanya kazi kwa zamu ya stima. Maji yake tukayatunza kama maziwa ya mtoto. Chupa zikawa zinasuuzwa kwanza kwa maji ya kisima kirefu yaliyochemshwa na kuachwa yatulie, halafu mara moja tu, kidogo, kwa maji ya mtambo. Kila mtu wa Kitengela anafanya hivyo nyumbani: maji ya chumvi unayachemsha, unayaacha yatulie, unasema sasa yamekuwa mazuri. Daktari anafanya hivyo kwake, mimi kwangu. Hatukuliona kama jambo la kuuliza.

Basi tukachanganya maji ya kuoshea seli tukaandika juu ya chupa, BILA KALSIAMU. Bila kalsiamu nje, seli ukiichokoza ingewaka kidogo tu kwa ile akiba yake ya ndani, kisha izime. Zetu ziliwaka zikakaa zimewaka. Daktari akafurahi siku mbili, akidhani ameona kitu kipya duniani. Siku ya tatu akaacha kufurahi akaanza kulala vibaya. Tulizilaumu seli, tukailaumu rangi, tukalaumu hadubini. Asubuhi moja akajimiminia chai, magamba meupe ya birika yakaelea juu ya kikombe. Akayatazama muda mrefu.

"Mama Mumo, chupa zetu tunasuuza na maji gani?"

"Ya mwisho ni ya mtambo, Daktari."

"Na ya kwanza?"

"Si ni ya kisima, yale ya tanki. Yamechemshwa, yametulia."

Akainua kikombe kama anayenitakia afya. "Hii tunakunywa ni nini?"

Ilikuwa kalsiamu, imegandamana ndani ya kila chupa iliyoandikwa kuwa haina. Tulicheka mpaka nikajifuta machozi, halafu tukatupa kazi ya wiki nzima. Tangu hapo sijaamini maandishi yaliyo nje ya chupa. Namuuliza aliyeiosha.

Lakini nilitaka kuwaeleza habari za Hajji Dahir, nimezunguka kwa sababu nikimfikia nachelewa kumtoka.

Seli hula seramu, yaani maji ya damu, ya ndama ambaye hajazaliwa. Yetu ilitoka nje ya nchi kwenye barafu, na shehena moja ikakaa uwanja wa ndege ikingoja sahihi ya mtu aliyekuwa likizo. Ilipofika ilinuka. Daktari akasema, "Tuko katikati ya ng'ombe, Mama Mumo. Tutengeneze." Ulikuwa mwaka wa ukame. Wafugaji walikuwa wakiuza mpaka ng'ombe wenye mimba kabla hawajaanguka, na wengi walipitia mikononi mwa Hajji Dahir, mzaliwa wa Wajir, aliyenunua mnadani Kajiado na kuchinjia kichinjio cha Kitengela. Mrefu, ndevu za hina, anakagua ng'ombe kwa kumtazama miguu tu.

Niliingia nimejipanga. Mbinu yangu ni kuanza na kasoro ya mali.

"Hajji, nimekuja kununua damu ya ndama wa tumboni. Najua kwenu inamwagika tu, haina kazi."

"Unapika?"

"Sipiki. Nalisha."

"Unalisha nini?"

"Ugonjwa."

Wachinjaji wakaacha visu. "Ugonjwa ya nani, mama?"

"Ya wanaume. Tezi."

Mmoja akasema, "Haiya, mama, si uilaze njaa!" wakaangua kicheko. Hajji hakucheka. Aliniuliza jina, akaniuliza watoto, kisha akasema, "Damu haina bei. Dini yangu imekataza mtu auze damu. Ukitaka, chukua."

"Hapana, Hajji. Chukua hata ya soda."

"Mama Mumo, unataka kuninunulia moto kwa bei ya soda?"

Nimebishana na wauza ploti, na mafundi, na ajenti wa dawa za maabara mwenye tai. Hakuna aliyewahi kuniacha nimesimama hivyo, bei mkononi, hakuna mtu upande wa pili. Nikachukua damu. Tangu siku hiyo nilijua ipo siku atataka kitu, na sitaweza kukipunguza.

Mkiitengeneza, jueni hili: damu ivutwe kwa sindano moyoni, haraka, iingie chupa safi, na isiguswe. Iache igande, ndipo maji yake yajitenge yenyewe, rangi ya chai hafifu. Siku ya kwanza mchinjaji mmoja Mmaasai, mtu mwema kabisa, aliona chupa yangu inaanza kuganda akanihurumia. Kwao damu ya kunywa hukorogwa kwa kijiti isigande. Nilipogeuka alikuwa ameshaikoroga yote vizuri, ananirudishia kwa mikono miwili. Chembe nyekundu zilikuwa zimepasuka, seramu ikatoka nyekundu kama juisi. Nikamwambia kwa lugha yake asante sana, "Ashe oleng." Ungemwambia nini?

Hajji akawa rafiki. Nilipita kichinjioni asubuhi ya Alhamisi, ananipa chai ya maziwa ya ngamia, ananiuliza habari za seli kama anayeuliza jamaa. Waliomsumbua zaidi ni wale wazee wawili wa ng'ambo.

"Watoto wao wanajua?"

"Sidhani, Hajji."

"Na nyama yao bado iko kwa chupa yako."

"Iko."

"Si vizuri. Sehemu ya mtu inazikwa. Siku mkimaliza nao, mama, uwazike."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka mwingine, Alhamisi moja, nilimkuta amesimama mlangoni, chai haijamiminwa. Akanipeleka kando, kwenye zizi, mahali ambapo ng'ombe tu ndio walitusikia. Mtu wa dini yake na umri wake, na mwanamke asiye wake. Hata kunitazama hakunitazama. Akaongea na ng'ombe.

"Mama Mumo. Ile ugonjwa unalisha. Mimi niko nayo."

Hospitali ilikuwa imemwambia imeshatoka nje ya tezi. Walitaka wamfanyie upasuaji, watoe mapumbu, homoni ya kiume ikatike. Alikuwa na miezi ya kuamua na hakuwa ameamua. Badala yake alitoa mfukoni mwa koti pakiti ya vidonge vya presha.

"Wewe uliniambia. Ulisema hii ya presha inafunga mlango, na seli inatulia. Nimenunua kwa kemisti hapa stejini. Nakunywa mbili, asubuhi na jioni. Niambie ni sawa."

Na kweli nilikuwa nimemwambia. Kuna dawa za presha zinazofunga milango ya kalsiamu, ndiyo maana zinalegeza mishipa ya damu. Tulikuwa tumezijaribu kwenye sahani. Katika chupa ya kwanza mwako ulipungua na hesabu ilishuka. Nilihesabu mara mbili, ikashuka mara mbili. Nilimsimulia tukinywa chai kama mtu anavyosimulia mvua.

Vijana, mimi ni mtu wa bei ya katikati. Muuzaji anasema mia, mimi hamsini, tunakutana njiani kila mtu anaenda nyumbani na heshima yake. Nilimtazama Hajji nikatafuta hiyo katikati.

"Hajji, ni dawa ambayo inatupa matumaini. Bado tunachunguza. Inaweza kusaidia, si vibaya, ila pia hospitali..."

Akainua mkono. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Hiyo ni bei ya kwanza. Mimi niko soko tangu sijaota ndevu. Damu nilikupa bila kitu. Nipe ya mwisho."

Nikampa ya mwisho.

Nilimwambia sahani si mtu. Kiasi tulichotia kwenye sahani kingekuwa ndani yake, moyo wake ungesimama kabla tezi haijapata habari. Vidonge viwili vitampa kizunguzungu mbele ya fahali, basi. Tena kufunga mlango mmoja si kufunga nyumba. Seli ina mingine, na mingine hatuijui. Nikamwambia upasuaji ule unaikatia seli ya chupa ya kwanza chakula chake. Akauliza, "Itakufa?" Nikamwambia nyingi hufa. Kisha nikamweleza chupa ya pili. Kwamba ziko seli ambazo zimejifunza kuishi bila hiyo homoni, nazilisha mimi mwenyewe, na ndani ya mtu huweza kuja kutokea hivyo baadaye.

"Baadaye ni lini?"

"Sijui, Hajji. Na Daktari hajui."

Ng'ombe alikuwa akilamba ukuta kwa ajili ya chumvi. Hajji akatia pakiti mfukoni, akasema, "Hapo nakubali. Mtu akisema 'sijui', hajaongeza faida juu yake."

Halafu akatingisha kichwa. "Mimi maisha yangu yote nauza maksai. Nasema, nunua huyu, ni mtulivu, ananenepa, hapigani na mtu. Sasa nitajisifu mwenyewe."

Nikacheka. Nilikuwa nalia pia, lakini zizi lilikuwa na vumbi na yeye alikuwa muungwana.

Akaenda akapasuliwa. Vidonge akanipa mimi, nikamrudishia kemisti pamoja na maneno ambayo sitayaandika hapa. Akapata miaka. Si mingi kama niliyotaka kumbishania, lakini ilikuwa miaka. Akamwoza binti yake, akanenepa kama alivyotabiri, akawa analalamika jasho la ghafla linamshika mnadani kama mwanamke wa makamo. "Mama Mumo, kumbe nyinyi mnavumilia hii?" Chai ya Alhamisi ikaendelea. Ukiwahesabu watu walioniuliza miaka ile nimelalaje, ukahesabu tena, utampata yeye tu.

Kisha siku moja hakukaa. Alikunywa amesimama, mkono kiunoni.

"Mgongo?" nikauliza.

"Mgongo." Akanipa kikombe. "Ni wale wa chupa ya pili, sivyo?"

"Nadhani ndio, Hajji."

"Haya. Uliniambia." Alisema kama anayenishukuru.

Nilipopita wiki moja baadaye nikamkuta kijana wake mkubwa amekaa kwenye kiti cha babake, na nikajua kabla sijafika. Alikuwa amefariki usiku wa Jumatatu na kuzikwa Jumanne kabla ya adhuhuri, kama wanavyozika. Hakuna aliyefikiria kunipigia. Kwa nini wangefikiria? Mimi nilikuwa yule mama wa damu. Na hata wangenipigia, kwao wanawake hawaendi kaburini. Yule kijana, mwenye adabu, akaniuliza kama nimeleta chupa. Nikamwambia leo sikuja na chupa.

Wafadhili wetu walifunga mkono kabla mwaka haujaisha. Ile kazi ya milango wengine wanaendelea nayo mahali pengine, na natumaini miongoni mwenu yuko atakayeendelea. Daktari akapata nafasi Nairobi. Akaniachia funguo na kazi ya mwisho, kuua kila kilichokuwa hai ndani ya inkubeta. Hili nalo mtalifanya siku moja, lifanyeni sawasawa. Mwaga dawa kali ya kuondoa madoa ndani ya chupa, acha ikae, halafu zipike zote kwenye mtungi wa mvuke. Kabla ya hapo nilizitia chini ya hadubini mara ya mwisho. Nilitia ile rangi, nikachokoza, nikazitazama zikiwaka moja moja. Sikuziuliza kama zimeamka.

Kilichobaki baada ya mvuke, kwa kanuni zetu, kilikuwa hakina madhara, na kingeweza kumwagwa kwenye sinki. Nilikimimina kwenye mkebe. Nikaenda nyuma ya jengo na jembe la bustani, nikachimba kwenye ule udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi ni kama kuchimba barabara, nikawazika wazee wawili wa ng'ambo, wenye watoto ambao hawajui. Sikujua dini yao. Nilisema sala yangu, halafu maneno machache aliyonifundisha Hajji ya kusema mtu akifa, bila kuyajua matamshi yake vizuri. Sikusema ni ya nani kati yao na Hajji.

Sasa hapo kuna ua na jengo la ghorofa tatu, na nyumbu hawapiti.

Nilipomaliza nikasimama na jembe langu, nikahesabu waliohudhuria: mmoja. Kisha, kwa mazoea ya kazi, nikahesabu tena. Hesabu haikubadilika.